Tusiiachie Simu Kazi ya Kuwasalimu Wazee Wetu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote zinamstahikia Yeye peke yake, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Katika toleo hili tumeona tuandike juu ya kazi moja ya mikono iliyowafurahisha watoto wetu hapa Ukata na kuwaudhi baadhi ya wazazi. Kazi hiyo ni kutengeneza kadi za Idi, zile ambazo ukizifungua msikiti wa karatasi unasimama wenyewe. Wazazi waliokuja kutuuliza wana haki ya kujibiwa, tena mbele ya watu wote. Lakini kabla ya kujibu, inatupasa tukiri kosa, maana habari hii haikuanza kwa mkasi na gundi. Ilianza kwa kosa letu sisi wenyewe tunaoitwa walimu.

KOSA LETU

Asubuhi ya sikukuu moja tuliletewa kwenye simu picha nzuri ya msikiti wenye taa nyingi, na chini yake maneno ya kutakiana Idi njema. Tukaipenda. Bila kuongeza hata neno, tukaanza kuisambaza kwa majina yaliyomo kwenye simu, tano tano, kama simu inavyoruhusu. Kabla chai haijapoa tulikuwa tumemaliza, na nafsi ikaturidhia kwamba tumeunga udugu kwa watu wote wanaotuhusu.

Miongoni mwa majina yale alikuwemo mzee wetu mmoja anayeishi upande wa ziwani. Huyu ndiye aliyetushika kidole juu ya ubao tukasoma alifu. Mkewe alitulisha miaka mingi bila kutuhesabia sahani. Adhuhuri mzee akajibu kwa maneno machache: "Amina mwanangu. Mama yako tumemzika juzi."

Tulikaa na simu mkononi bila kujua la kuandika. Hatukuwa na habari ya ugonjwa wake, wala ya kifo, wala ya maziko. Na kwa nini tusijue? Kwa sababu kwa mwaka mzima tulikuwa tukimtumia picha. Picha ya Ijumaa njema, picha ya mwandamo wa mwezi, picha ya asubuhi njema. Hatukuwahi kumuuliza, "Mama anaendeleaje?" na kungoja jibu lake.

Siku ya pili tuliteremka ziwani kuhani. Mzee alitupokea vizuri, akatuwekea mkeka, tukamsomea marehemu dua. Hakutulaumu. Wakati wa kuagana alisema tu, "Ile picha yenu ilikuwa nzuri." Ndugu msomaji, lau angetugombeza, tungepumua. Neno lile tulirudi nalo njia nzima, tukipanda milima mpaka nyumbani.

JAMBO TULILOLIANZISHA

Ilipofika Ramadhani ya mwaka 1446, yaani Machi 2025, tukawaambia wanafunzi: mwaka huu kila mmoja achague mtu mmoja tu. Asichague kumi wala watano. Mmoja anayempenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na amtengenezee kadi kwa mkono wake. Hatukutaka kadi ya dukani, na hata ingetakiwa, mwezi Machi si mwezi wa fedha katika milima hii. Kahawa bado iko mtini, mahindi bado yako shambani, na mvua haijakatika. Tulichokuwa nacho ni manila, penseli, rula, mikasi michache na unga wa ngano wa kupikia gundi.

Tunaeleza namna ya kutengeneza, ili mzazi akae na mwanawe nyumbani wafanye pamoja.

Chukua kipande cha manila chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 21, ukikunje katikati. Hapo unapata kadi yenye sentimita 15 kutoka kwenye mkunjo hadi ukingoni. Katikati ya mkunjo kata mikato miwili iliyonyooka, kila mmoja sentimita 4, ikiachana sentimita 3. Ulimi uliopatikana ukunje mbele na nyuma mara mbili tatu ili karatasi izoee. Kisha fungua kadi kiasi, usukume ulimi uingie ndani. Ukiiweka kadi mezani, upande mmoja umelala na upande mwingine umesimama kama mgongo wa kiti, utaona ulimi umekuwa kama kibao kidogo cha kukalia. Kwenye uso wa mbele wa kibao hicho gundisha mchoro wako ulioukata: msikiti, mwezi mwandamo, mlima, mtumbwi au tawi la kahawa lenye matunda. Ukifunga kadi mchoro unalala, ukifungua unasimama. Mwisho gundisha manila nyingine kwa nje ili kuziba tundu.

Iko hesabu moja ambayo asiyeijua ataaibika, kama tulivyoaibika sisi. Urefu wa mkato ukijumlishwa na urefu wa mchoro usizidi upana wa kadi iliyokunjwa. Mkato wa sentimita 4 na mchoro wa sentimita 10 ni 14, na kadi ina 15, basi ni salama. Sisi katika kadi yetu ya mfano tuliweka mnara wa sentimita 13. Tulipofunga kadi na kuitia kwenye bahasha, ncha ya mnara ikabaki nje sentimita 2. Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Ustadhi, mnara wako unaadhini nje ya msikiti." Darasa zima likacheka, na sisi tukacheka nao. Tangu hapo hakuna aliyekosea hesabu ile, na baadhi ya watoto ambao shuleni hujumlisha kwa taabu walikuwa wakipima na kujumlisha bila kusukumwa.

Gundi tuliipika kwa unga wa ngano na maji, uji mzito usio na madonge. Wembe tuliukataza kabisa kwa wadogo. Anayehitaji tundu dogo amwite mkubwa amkatie.

KADI YA BIBI ASIYEONA

Katika wanafunzi wetu yumo mtoto anayelelewa na bibi yake. Bibi huyo macho yamefifia, na hata alipokuwa akiona hakuwahi kujifunza kusoma. Mtoto akatujia pembeni, akauliza, "Ustadhi, bibi hasomi na rangi hazioni. Nimtengenezee nini?"

Tunakiri kwamba jibu lililotujia kwanza lilikuwa kumwambia achague mtu mwingine. Mwenyezi Mungu akatuzuia ulimi. Tukamwambia, "Nenda ukafikiri, urudi kesho."

Alirudi na kipande cha boksi la sabuni. Msikiti wake aliukata katika boksi hilo badala ya manila, ili usilegee ukishikwa. Juu ya ukingo wa kuba alipaka gundi akamwagia punje za ulezi, zikakauka zikawa kama mkufu. Mlango aliukata kabisa, ukabaki tundu. Maneno hakuandika hata moja. Alisema atayasema kwa mdomo.

Siku ya Idi, baada ya swala, alimpelekea bibi yake. Hatukuwepo, mtoto ndiye aliyetusimulia. Bibi aliifungua kadi, akapitisha vidole polepole. Akasema, "Huu ni mnara." Akapapasa tena, "Hili ni kuba, lina ulezi." Kisha akauliza, "Mlango wake umefungwa?" Mtoto akamjibu, "Uko wazi bibi, ingiza kidole." Bibi akaingiza kidole, akacheka, akamwombea dua ambayo mtoto aliihifadhi yote.

Bibi yule simu hana, na angekuwa nayo picha asingeiona. Kati ya salamu zote zilizotumwa Ukata siku ile, ni kadi hii tu iliyotengenezwa kwa kumfikiria yeye, macho yake na vidole vyake. Hilo ndilo tulilokuwa tukilitafuta tangu siku tuliporudi kutoka ziwani.

MAJIBU KWA WAZAZI

Mzazi mmoja alituuliza, "Ustadhi, mtoto nimemleta asome Qur'ani au akate karatasi?" Swali hili ni zito na tunalipokea. Madrasa ambayo watoto wanajua gundi kuliko makhraji imepotea njia. Ndiyo maana kazi hii tuliifanya siku za Alhamisi alasiri, wakati ambao darasa hufungwa na watoto huzurura. Wala hatukuigusa katika kumi la mwisho, kwani siku zile si za mkasi. Lakini tunaongeza hili: mtoto anahifadhi Surat Luqman, na humo, katika aya ya 14, ameusiwa juu ya wazazi wake na kukumbushwa udhaifu alioupata mama katika kumbeba. Akishahifadhi, ni lini atafundishwa kuutenda wasia ule? Nasi tukiwa tumeihifadhi sura hiyohiyo, hatukujua kama mama yetu wa ziwani anaumwa.

Mzazi wa pili alisema kadi ni za Krismasi, na sisi tunaiga. Ni kweli kwamba kadi za Krismasi za kuchapwa na kuuzwa zilianza Uingereza mwaka 1843, Henry Cole alipochapisha za kwake mjini London. Lakini kupeana salamu na zawadi hakukuanza London. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kupeana zawadi kwa sababu huzalisha mapenzi, kama alivyopokea Imamu Bukhari katika Al-Adab al-Mufrad. Na katika hadithi ya Abu Huraira, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wanawake wa Kiislamu wameambiwa jirani asidharau kumpa jirani mwenzake kitu, ijapokuwa ni ukwato wa kondoo. Basi itakuwaje tudharau karatasi?

Tena tutazame sira. Mtume (S.A.W.) alipotaka kumwandikia mfalme wa Warumi aliambiwa kwamba watu wale hawasomi barua isiyo na muhuri. Akatengeneza pete ya fedha yenye muhuri wake. Hakusema muhuri ni desturi ya wageni. Na katika vita vya Ahzab, mwaka wa 5 Hijria, handaki lilichimbwa kuilinda Madina kwa shauri la Salman al-Farisi (R.A.), na hiyo ilikuwa mbinu ya Wafursi. Tunachokatazwa ni kuiga watu katika ibada zao na yale yanayowatambulisha kwa dini yao. Karatasi iliyokunjwa haina dini.

Na kwa hakika, karatasi na mkasi vina historia kwetu. Ufundi wa karatasi ulitoka China, ukafika Samarkand na Baghdad katika karne ya 8, na mikononi mwa Waislamu ukaenea hadi Misri, Maghribi na Andalusi. Baadaye Herat, na kisha katika dola ya Uthmania, walitokea mafundi waliokata karatasi kwa ustadi wa ajabu: maandishi mazima ya khati na bustani za maua, yote kwa ncha ya kisu. Huko Japani katika miaka ya 1980, msanifu majengo Masahiro Chatani alijulikana kwa kukata na kukunja karatasi moja ikainuka ikawa jengo zima. Mtoto wa Ukata anayepima sentimita 4 kwenye mkunjo yuko katika msafara mrefu wa mafundi.

Hapa kwetu nako salamu za maandishi si jambo jipya. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huko Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 bado zimehifadhiwa Goa, India. Wazazi wetu nao wanazikumbuka kadi za salamu zilizokuwa zikisomwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu zake mmoja mmoja, akaituma, kisha akakaa na redio akisubiri jina litajwe. Ile subira nayo ilikuwa sehemu ya salamu.

Mzazi wa tatu aliuliza juu ya picha. Jibu letu ni fupi: hatuchori watu wala wanyama, na vitu vya kuchora vimejaa. Mtoto akichungulia nje anaona mashimo ya ngolo yaliyopangwa mlimani, anaona mikahawa, anaona mawingu juu ya vilele. Vilevile hatuandiki aya wala jina tukufu la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu kwenye kadi, maana kadi huweza kuanguka chini ikakanyagwa. Maneno ya Kiswahili yanatosha: "Funga yako ikubaliwe, bibi. Nakupenda. Mjukuu wako."

Na hilo neno "nakupenda" tusilionee haya. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mtu mmoja alikuwa mbele ya Mtume (S.A.W.), akapita mtu mwingine, yule wa kwanza akasema kwamba anampenda. Mtume akamuuliza kama amemjulisha. Aliposema hapana, akaamriwa akamjulishe, naye akamfuata akamwambia. Wanaume wa milimani tunalima pamoja miaka thelathini, tunazikana, na neno hilo halijatoka. Mtoto akilianza kwenye kadi huenda akiwa mtu mzima asilishindwe kwa mkewe na wanawe.

NASAHA KWA WANAFUNZI

Kwenu wanafunzi wakubwa tunasema waziwazi. Tunaposema umpendaye, tunakusudia mama, baba, bibi, babu, ndugu, mwalimu, jirani. Kadi zenye mioyo zinazopitishwa chini ya madawati kati ya wavulana na wasichana mwezi wa Februari hatuzikusudii, na tukizikuta tutaita wazazi.

Jirani tumemtaja kwa kusudi. Katika milima hii ya Mbinga sisi Waislamu ni wachache, na jirani zetu wengi ni Wakristo. Wanatuchotea maji tukifiwa, nasi tunawachimbia kaburi wakifiwa. Mtume (S.A.W.) alikwenda kumjulia hali kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia, na habari hiyo iko katika Sahihi Bukhari. Basi jirani akiugua, mpelekee kadi ya kumwombea afya pamoja na uji, bila kuuliza anasali wapi.

Hatusemi simu ni haramu. Ndugu zetu wako Songea, Dar es Salaam na mbali zaidi, na simu imetusaidia kusikia sauti zao. Kama huwezi kufika wala kutuma kadi kwa anayesafiri, piga simu, taja jina lake, muulize habari za mkewe, za mgongo wake, za mashamba yake, kisha nyamaza usikilize. Dakika tano za namna hiyo zinazidi picha mia. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tukiamkiwa tujibu kwa yaliyo bora zaidi au angalau yaliyo sawa na hayo. Lakini picha isiyo na jina la mtu mtajibu nini, isipokuwa picha nyingine?

Wala tusidhani kadi nayo haiwezi kuharibika ikawa kama ile picha. Mtoto akitengeneza kadi ishirini za namna moja ili zimalizike haraka, amerudi palepale tulipokuwa sisi asubuhi ile ya Idi. Ndiyo maana tuliamuru mtu mmoja. Ukikaa saa nzima unamkatia mtu mmoja mlango wa msikiti, huna budi kumkumbuka: anapenda nini, anaumwa wapi, mara ya mwisho ulimwona lini. Mara nyingine katikati ya kukata utagundua kwamba hujui hali yake. Basi hapo weka mkasi chini, inuka, uende ukamwone. Kadi utaimalizia baadaye.

Sisi wenyewe Idi hiyo tulitengeneza moja. Tuliikata mtumbwi juu ya maji, tukapima vizuri safari hii, tukaipeleka ziwani kwa mikono yetu. Mzee aliifungua na kuifunga mara tatu. Kisha akaanza kutuhadithia jinsi marehemu alivyougua, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, habari ambayo siku ya kuhani hatukuisikia. Tulisikiliza mpaka magharibi ikaingia, tukaswali naye jamaa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu yule, awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape umri wenye baraka waliobaki, na azijaalie nyoyo na mikono ya watoto wetu kuwa nyepesi katika wema. Yaliyo sahihi humu yametoka Kwake, na makosa ni yetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.